Misuko Ndani ya Beseni

Kapteni Suphit alichuchumaa mbele ya beseni la plastiki, mikono juu ya magoti.

Ndani ya beseni mlikuwa na misuko ya nywele, mirefu, myeusi, iliyokatwa karibu kabisa na ngozi ya kichwa. Kila msuko ulikuwa na shanga ya mbao nchani. Mji mzima wa Roi Et, huku Isan mbali na Bangkok, ulizijua shanga zile, maana zilikuwa kwenye mabango ya tamasha na kwenye fulana za vijana kuanzia sokoni hadi ziwani. Mwenye nywele alikuwa Khiat, rapa wa miaka ishirini na miwili aliyejipa jina la kichura cha mashambani na kuchana mistari kwa lugha ya kwao bila haya. Nywele zilikuwapo, Khiat hakuwapo. Kwenye ukingo wa sinki palikuwa na wembe, na kando ya wembe matone ya damu iliyokauka.

"Hii si damu ya kuku," alisema Sajini Khamsing akiwa mlangoni. Hakuingia, kwa sababu bafu lilikuwa dogo na tumbo lake halikuwa dogo.

"Nani kasema ni ya kuku?"

"Hakuna, Kapteni. Nasema tu tusijidanganye."

Nyumba ilikuwa ya Tui, mtengenezaji wa midundo, kijana mnene mwenye sauti ya kitoto. Chumba cha mbele alikifanya studio kwa kubandika trei za mayai ukutani. Alikuwa amekaa sakafuni amejikunyata.

"Ulimwona lini mara ya mwisho?" Suphit alimuuliza.

"Jana jioni, afande. Nilimwachia ufunguo nikaenda kwa shangazi yangu. Nimerudi leo asubuhi nikakuta hivyo. Simu yake iko pale mezani, imezimwa."

"Mlango?"

"Umefungwa. Ufunguo chini ya kiatu, kama tunavyofanya siku zote."

"Mtekaji mstaarabu huyo," alisema Khamsing. "Anamwaga damu ya mtu, kisha anarudisha ufunguo chini ya kiatu."

Suphit alilisikia neno hilo likamkaa kichwani. Hapakuwa na kitu kilichovunjwa. Kompyuta ilikuwapo, maikrofoni ilikuwapo. Aliyefanya jambo hili alizitaka nywele, au alimtaka mwenye nywele, na vingine vyote hakuvijali.

"Leo jioni ana onyesho," alisema Tui, na machozi yakamtoka. "Afande, unaelewa ni onyesho gani? Kaka zetu walipanda basi kwenda Bangkok wakagonga milango ya kampuni za muziki. Wakaambiwa lugha yenu inanuka samaki wa kuvundika, rudini mkajifunze kuongea. Sasa kampuni inakuja hapa yenyewe! Wanamtaka Khiat. Wakimpenda, wamesema watasikiliza na makundi mengine sita ya Isan. Yeye ndiye mlango. Asipotokea wanapanda ndege usiku huuhuu, na sisi tunarudi kupiga harusini."

Mlangoni kulitokea vurugu. Mwanamke mmoja alimpita Khamsing kama hakumwona, aproni yake ikinuka moshi wa kuku wa kuchoma. Alikuwa Mama Bualai, mama mzazi wa Khiat, muuza kuku wa sokoni. Aliangalia beseni, akaifuta mikono kwenye aproni.

"Mimi ndiye niliyeisuka hii," alisema. "Kwa mikono hii. Jumapili nzima. Afande, mimi sitaki habari za tamasha. Niambie tu kama mwanangu ni mzima."

"Sijui bado, mama."

"Basi nipe nywele zake."

"Siwezi kukupa. Ni ushahidi."

Ilimuuma Suphit kusema hivyo, lakini alisema. Alivaa glavu, akaitoa misuko mmojammoja na kuiweka kwenye mfuko. Chini kabisa ya beseni, zimegandia kwenye plastiki, alikuta nywele nyingine. Fupi, ngumu, zimepinda kidogo. Alizinyanyua kwa koleo dogo na kuzipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Ndevu," alisema Khamsing.

"Mwanangu hana ndevu," alisema Mama Bualai. "Kidevu chake kama yai."

Walitazamana. Kama Khiat hakuwa na ndevu, basi mwenye ndevu alikuwa mtu wa pili, naye alikuwamo bafuni humu wembe ukifanya kazi.

"Nani ana ndevu katika watu wenu?" Suphit alimuuliza Tui.

Tui alijibu bila kufikiri. "Singto."

*

Jina la Singto maana yake simba, na mwenyewe alizifuga ndevu zake kwa bidii ili zilingane na jina. Walimkuta ziwani juu ya jukwaa, akivuta nyaya za spika na kuwafokea wenzake. Mwezi uliopita, katika pambano la mitindo huru, alimwambia Khiat mbele ya umati, "Nitakunyoa bila maji." Watu walipiga yowe, na mistari ile ikazunguka kwenye simu za Isan yote.

"Ulisema utamnyoa," Suphit alianza.

"Kwenye pambano, afande. Pambano lilelile nilisema nimemeza treni. Umesikia treni imepotea? Roi Et yenyewe haina reli."

"Usinifanyie mzaha. Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Tumefunga spika mpaka majogoo wanawika. Muulize yeyote."

Khamsing aliwauliza wanne, kila mmoja peke yake, na wote wanne walisema neno moja. Mmoja alikuwa na picha kwenye simu: Singto amelala juu ya spika, mdomo wazi.

Suphit alimwonyesha ule mfuko mdogo wenye nywele fupi. Singto alizitazama, akashika ndevu zake kama anayehakikisha hazijaibwa, akachomoa mbili na kumpa. "Linganisha." Hazikulingana. Za Singto zilikuwa nyembamba na ndefu, za kubembelezwa kwa mafuta.

"Sikiliza, afande," Singto alisema, na sauti ya jukwaani ikamtoka, ikabaki ya kijana mwenye hofu. "Simpendi Khiat. Ananiudhi, ana majivuno, ana ile misuko yake. Lakini mimi ni wa pili kwenye onyesho. Wa pili anaingia baada ya wa kwanza. Nani atamficha mtu aliyeushika mlango wake?"

"Basi nani?"

Singto alisita. "Kuna yule Noi wa kijiji cha Nong Saeng. Binti wa Molam Thongyun. Aliapa hadharani kumkomesha."

Hilo Suphit alilijua. Wimbo uliompa Khiat jina ulikuwa na sauti ya bibi kizee ndani yake, ikipanda na kushuka juu ya midundo ya Tui. Ilikuwa sauti ya Molam Thongyun, mwimbaji wa mashairi ya kale, nayo Khiat aliitoa kwenye kaseti bila kumwomba mtu ruhusa. Noi, binti mkubwa, alikuja kituoni kulalamika, akapiga meza. Wiki hii bibi alifariki, na leo ndiyo siku ya kuuchoma mwili wake hekaluni.

"Mwenzio akinyolewa, zako tia maji," Khamsing alimwambia Singto wakati wanaondoka, akionyesha zile ndevu.

"Sajini," alijibu Singto, "mimi leo niko tayari kunyolewa hata ulimi, mradi arudi."

*

Hekalu la Nong Saeng lilijaa. Viti vya plastiki vilipangwa chini ya maturubai, watu wa nyeusi na nyeupe wakinywa maji ya barafu, na jeneza limekwishapandishwa mbele ya tanuri. Kando, juu ya jukwaa la mbao lililotandikwa mkeka, waliketi watawa wanagenzi tisa waliotawazwa asubuhi hiyo kwa ajili ya marehemu. Vichwa vyao viling'aa na majoho yao yalikuwa bado na mikunjo ya dukani. Wengi walikuwa wavulana wa shule, wawili watatu wakubwa kidogo. Suphit na Khamsing walipiga magoti, wakaunganisha viganja, wakainama mara tatu kama kila mtu, wakaenda zao jikoni. Mtu aliyevaa joho hatumbuliwi macho. Unamwinamia, unapita.

Noi alikuwa anatwanga pilipili, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mgongo umenyooka kama mchi.

"Umekuja kunikamata kwenye msiba wa mama yangu?"

"Nimekuja kuuliza. Khiat hajulikani alipo. Nywele zake zimekatwa."

Mchi ulisimama. "Mimi nilisema nitamkata ulimi. Sikusema nywele."

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Pale, kando ya jeneza. Na kijiji kizima." Akaendelea kutwanga, kwa nguvu kuliko pilipili zilivyohitaji. "Yule mtoto hana adabu. Anaiba kwanza, halafu analeta maua."

"Maua gani?"

Noi alijua ameteleza. Alifuta mikono kwenye sketi, taratibu, akitafuta namna ya kulirudisha neno mdomoni, na akashindwa.

"Alikuja mama akiwa hoi kitandani. Na sinia. Maua jozi tano, mishumaa jozi tano, kama anavyokuja mwanafunzi anayetaka kumfanya mtu mwalimu wake. Nikamfukuza. Akaketi nje ya lango, juani, na sinia lake kichwani."

"Na mama yako?"

"Alimsikia. Akasema mleteni. Akamfunga uzi mweupe mkononi."

"Yaani alimpokea."

"Alimpokea!" Noi alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi, pilipili au si pilipili. "Mabinti watatu, tumemwogesha, tumemlisha, hakuna hata mmoja aliyemfunga uzi ule. Eti hatuna sauti. Akampa mwizi."

Suphit alimngoja apenge. "Wale wanagenzi pale nje ni wajukuu zake?"

"Wajukuu gani? Sisi tumezaa wasichana watupu. Ni watoto wa watu, Mtawa Mkuu ametuazima. Mama hana mvulana wa damu yake wa kuvaa joho leo. Atashika pindo la joho la nani apande nalo mbinguni? Ndiyo aibu yangu hiyo, afande. Mambo ya Khiat nenda kaulize kwingine."

Suphit alitoka jikoni kichwa kikimzunguka. Kila aliyemhoji alikuwa na sababu ya kumchukia Khiat, na papo hapo alikuwa na sababu ya kumtaka hai. Damu ilikuwapo, ila mlango ulifungwa kwa adabu. Ndevu zilikuwapo, ila hazikuwa na kidevu. Simu yake ililia. Alikuwa Mama Bualai, na Suphit akamwambia bado anatafuta.

*

"Njaa haipelelezi," alisema Khamsing, akasimamisha gari kwenye kibanda kando ya barabara. Aliagiza papai bichi la kutwanga lenye samaki wa kuvundika, na vikapu viwili vya wali wa kunata. Suphit alifinyanga tonge bila kulitazama.

"Yule Noi anatia huruma," Khamsing alisema mdomo umejaa. "Baba yangu alipokufa mimi niliingia uanagenzi, siku moja tu, asubuhi mpaka moto uzime. Unajua mke wangu alifanya nini? Alikuja na chakula, akanimiminia wali kwenye bakuli, akanipita akaenda kuniulizia kwa mtawa wa pili! Mke niliyesoma naye shule moja. Nikamuuliza baadaye, wewe mwanamke, nywele tu zikitoka hunijui? Akasema si nywele. Ni nyusi. Mtu bila nyusi hana sura."

Tonge la Suphit lilisimama njiani.

Aliliweka chini. Akatoa mfuko mdogo mfukoni, akauinua kwenye jua. Nywele fupi, ngumu, zimepinda kidogo, zote upande mmoja. Kisha akaziweka mbele ya uso wa Khamsing, juu ya jicho lake la kushoto.

"Kapteni, nakula."

"Inuka."

"Hata papai sijalimaliza!"

"Inuka, Khamsing. Asubuhi tulimwinamia."

*

Walikuta moto haujawashwa. Mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa wilaya, alikuwa amechelewa, na watu wote walikuwa bado wanajipepea wakimngoja. Suphit alisimama mbele ya wale wanagenzi na safari hii aliwatazama usoni. Ulikuwa utovu wa adabu, na wazee wawili waliguna, lakini aliwatazama mmojammoja. Bila nyusi wote walifanana, kama mayai kwenye trei. Wa nane alikuwa mrefu. Macho yake yalikuwa chini. Juu ya jicho la kulia palikuwa na mkato mpya wa wembe, na mkono uliotokeza kwenye joho ulifungwa uzi mweupe.

Alikwenda kwanza kwa Mtawa Mkuu, kama ilivyo heshima, akapiga magoti.

"Baba Mtawa, ulijua ninamtafuta nani?"

"Sikujua. Hukuuliza," alisema mzee yule bila kinyongo. "Ulikuja, ukainama mara tatu, ukaenda jikoni."

Akamwita kijana. Khiat alikuja akaketi juu ya mkeka, na Suphit akabaki chini yake, viganja vimeungana. Alijisikia vibaya, maana tangu asubuhi alikuwa anamtafuta mtu huyu kama maiti.

"Mheshimiwa," alisema, "mama yako anadhani umekufa."

Kijana aliinua macho. Alikuwa na hofu ya mtoto aliyevunja chungu. "Nilidhani nitarudi kabla hajajua. Moto ulikuwa uwashwe adhuhuri, Kapteni. Nivue joho, nivae kofia, nikimbilie jukwaani. Kampuni inataka misuko, nilijua watafoka, lakini ningekuwa nimeshafika."

"Kwa nini ulijinyoa mwenyewe? Umejaza damu bafu la watu."

"Wanaonyolewa hapa, mfiwa ndiye anayeshika mkasi wa kwanza. Dada Noi angenijua. Angenifukuza tena." Alimeza mate. "Na mama nisingeweza kumwambia. Angezililia zile nywele sokoni, na sokoni habari hailali."

Suphit alitazama jua, lililokuwa linaegemea minazi nyuma ya tanuri. Kule ziwani vijana walikuwa tayari wanajaribu maikrofoni.

"Gari langu liko langoni," alisema. "Mtawa Mkuu akiridhia, unavua sasa hivi. Khamsing anaendesha kama mwendawazimu. Utawahi."

Khiat aligeuka akalitazama jeneza. Midomo yake ilitikisika kama anayehesabu mistari kabla ya kuingia kwenye mdundo.

"Nikivua sasa," alisema, "yeye atashika wapi?"

Nyuma ya Suphit kulisikika vikombe vikigongana. Noi alikuwa amesimama na sinia la maji ya watawa. Alimtazama yule mrefu, mkato juu ya jicho, uzi mkononi, uzi wa mama yake. Hakuna aliyejua atafanya nini, na yeye mwenyewe alionekana hajui. Kisha akapiga magoti, taratibu kwa sababu ya umri, akaunganisha viganja mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimshtaki kituoni kwa wizi.

"Teremsha hilo pindo kidogo, mheshimiwa," alisema. "Mama alikuwa mfupi."

*

Suphit alimpigia Singto. Alilazimika kupaza sauti, kwa kuwa upande wa pili spika zilikuwa zinanguruma.

"Nimempata. Ni mzima. Haji."

"Haji? Afande, hawa watu wa Bangkok wamekaa kiti cha mbele wanatazama saa! Amefanywa nini?"

"Amenyolewa."

"Na nani?"

"Ingia wewe, Singto. Wewe ndiye wa kwanza leo."

"Watamtaka Khiat," alisema Singto. "Watasema mimi si yeye."

"Watasema hivyo."

"Nikiharibu, nimewaharibia wote."

"Ndiyo," alisema Suphit, maana uongo haukumjia. Singto alitukana, si yeye, dunia tu, akakata simu. Kama kampuni ilibaki au iliondoka, hilo hakuna aliyelijua pale Nong Saeng, na moshi wa kwanza ulikuwa umeanza kupanda kwenye bomba la tanuri.

Mama Bualai alifika nyuma ya pikipiki ya Tui, aproni bado kiunoni. Suphit alikuwa amemwambia neno moja tu kwenye simu, kwamba ni mzima, yuko hekaluni. Alikimbia mpaka mbele ya wanagenzi, akasimama. Alitafuta ile misuko aliyoisuka kwa mikono yake. Aliona vichwa tisa vitupu na nyuso tisa zisizo na nyusi. Suphit alitaka kumwonyesha, lakini mwenye joho hanyooshewi kidole.

Mama Bualai alianza mwanzo wa mstari. Alipiga magoti mbele ya wa kwanza, mtoto wa shule mwenye kamasi, akainama. Akasogea kwa wa pili, akainama. Aliamua kuwainamia wote, ili wake asimkose. Alipofika kwa yule mrefu aligusa mkeka kwa paji la uso, na alikuwa anajiinua aende kwa wa tisa pale aliposikia sauti ndogo juu yake.

"Zitaota, mama."

Mkono wa Mama Bualai ulinyooka wenyewe kuelekea pindo la lile joho la manjano, ukasimama kabla ya kuligusa. Mwanamke haligusi, na leo lilikuwa limeshikwa na mwingine, aliyekuwa njiani kwenda mbinguni.